Kwa Muda Tu

Katy, Texas
24 Septemba 2017

Mdogo wangu Wilbroad,

Tumsifu Yesu Kristu. Mimi ni mzima, ila mgongo unadai haki zake baada ya wiki tatu za kuburuta mazulia yaliyolowa. Msalimie sana wifi yangu Natalia. Mwambie vitenge vyake vimefika na nimevaa kimoja Jumapili, watu wa parokia wakasahau kama mimi ni muathirika wa mafuriko. Angel mpe busu mashavu yote mawili.

Nakuandikia barua kwa sababu unatujua sisi wawili kwenye simu. Tangu tulipogombana kuhusu mazishi ya Baba, nikisikia tu "haloo" yako nakuwa nimeshajiandaa kubisha. Baba alikuwa karani wa posta miaka ishirini na sita, na wanawe tunashindwa kutumia stempu! Kwenye karatasi angalau tunaheshimiana.

Nyumba iko hivi. Maji hayakuja kwa kishindo, yalipanda polepole mpaka kiunoni, yakakaa siku nne kama yamealikwa. Mafundi wamekata kuta zote za chini, unaona jikoni ukiwa sebuleni. Mimi nalala juu, napika kwenye jiko la umeme la sahani moja, na feni nne zinanguruma usiku kucha. Kazini sijakosa hata zamu moja. Wagonjwa hawajui kwamba nesi wao anaishi ghorofani kama njiwa.

Sasa Mama. Asante kwa kuja kumchukua barabara zilipofunguka. Asubuhi ni dawa ya presha, chumvi kidogo, na ndizi zake za maharage angalau mara mbili kwa wiki. Simu usimlazimishe, unajua anasema "ndiyo, ndiyo" halafu anamrudishia mtu. Na nakuomba umwambie kila siku kwamba yuko huko kwa muda tu. Kitanda cha kukunja kinatosha, usianze kununua makabati. Nikimaliza nyumba nakuja kumchukua.

Dada yako,
Theodora


Haltom City
22 Oktoba 2017

Dada Theo,

Shikamoo. Barua yako niliikuta kwenye sanduku katikati ya matangazo ya piza, nikaisoma nimesimama barabarani. Natalia anakusalimu, anasema kile kitenge cha kijani uvae Krismasi. Angel amepoteza jino na anataka ujue. Ofisini kwangu mizigo ni ile ile, na bosi ni yule yule anayeniita "Will-Broad" kama majina mawili ya mitaa.

Mama hajambo. Anakula, anasali rozari yake, anakaa barazani kuangalia magari. Anakuulizia kila siku, siku nyingine mara tatu kabla ya chai. Mchana anakaa na jirani yetu Mama Fortunée, Mkongo mmoja mpole sana anayefanya kazi ghalani zamu ya jioni. Wanaelewana vizuri ajabu, yule na Kiswahili chake cha Bukavu na Mama na chake cha Kamachumu.

Nina swali la kikazi. Unajua Jumamosi nafundisha watoto Kiswahili katika ukumbi wa parokia. Ni kumi na mmoja, Watanzania, Wakongo na Wakenya wawili. Jana niliandika ubaoni: vitu visivyodumu. Chini yake nikaweka cha kupita, cha msimu, cha muda. Nikawaambia watoe mifano. Cha msimu walipata haraka, tikiti maji. Nilipofika kwenye cha muda, ni Angel peke yake aliyenyoosha mkono: "Like Bibi's bed, Daddy. Kitanda cha Bibi."

Wenzake wakacheka. Mimi nikafuta ubao, nikawaambia tutaendelea Jumamosi nyingine. Basi nisaidie, wewe ndiye uliyekuwa unapata mia katika Kiswahili. Haya maneno yanatofautianaje?

Ni mimi mdogo wako,
Wilbroad


Katy
10 Desemba 2017

Wilbroad,

Tumsifu Yesu Kristu. Hapa salama. Yule Apolonia wa kwaya, uliyecheza naye kwenye harusi ya Twalibu mpaka ukachana suruali, amejifungua mapacha. Kuna mtu ametoka Bukoba na kopo la senene wa kukaanga, nimekutengea nusu, na nusu hiyo inapungua kila ninapopita jikoni. Njoo uchukue kabla sijajisahau.

Swali lako nimelifikiria kwenye zamu. Nakujibu kinesi. Cha kupita kinaondoka chenyewe, kama mafua, kama hasira zako. Cha msimu kinaondoka na kurudi, ndio hao senene. Cha muda ndicho kigumu, kwa sababu hakiondoki mpaka aje mtu akiondoe. Tukimfunga mgonjwa bandeji ya muda tukasahau, inashikana na nyama. Nimeona mambo hayo kwa macho yangu. Watoto usiwaambie la bandeji.

Mama yeye analijua hilo bila ubao. Alikuja kwangu 2008 kwa miezi mitatu, kunifariji nilipofiwa na mume wangu, akakaa miaka tisa. Uwanja ulikuwa wazi kabisa na bado alipanda kwenye ndoo. Mchicha, maharage, maboga. Nilimwambia, Mama, ardhi hii ni yangu, panda mgomba hapo nyuma. Akanijibu kwamba mgomba unapandwa nyumbani, na mgeni apande kile atakachovuna kabla hajaaga. Mafuriko yalichukua ndoo zote saba. Nilizikuta kwenye uzio wa jirani.

Nyumba inaendelea. Mafundi ndio hao, wa kusubiriwa. Mwambie Mama bado kidogo.

Theodora


Haltom City
29 Aprili 2018

Dada yangu,

Shikamoo tena na unisamehe kwa ukimya. Natalia alifanyiwa upasuaji mdogo wa nyongo, amepona na ameshaanza kutuamrisha. Angel sasa ana meno yote ya mbele na anatumia kila moja kubishana. Majibu yako niliyatumia darasani, watoto wakaandika hasira za mwalimu kwenye safu ya vitu vya kupita. Nimekubali.

Nina habari ya Mama na sijui kama itakufurahisha, ila utaisikia kwa wengine nisipokwambia mimi. Jirani wa nyuma yetu ni mzee Mvietnamu, ana migomba kwenye uzio wake. Kila majira ya baridi inaungua yote na kila masika inachipua. Wiki mbili zilizopita Mama aliomba chipukizi. Mzee akampa, na hawana neno hata moja wanaloelewana. Mama akadai jembe. Nikamletea koleo, akalitazama kwa dharau, akachimba hivyo hivyo. Mgomba uko ardhini, Dada. Si kwenye ndoo. Umekaa nyuma ya jikoni, na asubuhi anaumwagia maji ya kuoshea mchele.

Nimeona ni jambo zuri. Alikuwa anaimba.

Wilbroad


Katy
17 Juni 2018

Wilbroad,

Salamu kwa wote.

Barua yako niliisoma nikaiweka kwenye droo ya vijiko, nikaitoa, nikairudisha. Nimechukua wiki saba kuamua kama nitaandika. Naandika.

Imeniuma. Nasema wazi ili usiseme baadaye kwamba hukujua. Miaka tisa nimemuogesha akiumwa, nimempeleka kwa daktari wa macho, wa meno, wa magoti, nimeamka naye usiku akikohoa. Miaka tisa nikapata mchicha. Wewe kwa miezi saba umepata mgomba. Wewe uliyekuwa unakuja Krismasi na keki ya dukani!

Nimejiuliza nilimkosea wapi. Labda nilikuwa namsemesha haraka. Labda nyumba yangu ina ngazi nyingi. Sikujua kama mtu mzima wa miaka hamsini na saba anaweza kumwonea wivu mdogo wake kwa ajili ya mgomba, lakini ndiyo mimi.

Nyumba itakuwa tayari Agosti. Nakuja kumchukua. Tulikubaliana kwa muda.

Theodora


Haltom City
8 Julai 2018

Dada Theo,

Shikamoo. Hasira zako ni haki yako, nimezipokea zote na sitajibu hata moja.

Agosti usije. Joto ni kali na safari ni ndefu kwa mtu wa umri wake. Tuache kidogo. Daktari naye anasema asihamishwehamishwe.

Kuna kitu kimoja kinanisumbua. Khalfan wa Stafford, aliyekupakia rangi nyumba, alikuwa huku kwenye msiba wiki iliyopita. Ameniambia kazi kwako aliimaliza Februari. Amezisifia kabati za jikoni, anasema mtu anaweza kujitazama usoni. Sasa wewe unaniandikia Agosti. Sikulaumu, Dada. Nauliza tu.

Mdogo wako,
Wilbroad


Katy
6 Januari 2019

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya. Mshukuru Natalia kwa pilau na kwa kunipisha chumba bila kunung'unika. Nimefika salama, mvua ilinisindikiza kuanzia Huntsville.

Miezi sita sikukujibu, halafu nikaja Krismasi bila kupiga hodi. Nilitaka kukufuma. Nilidhani nitakuta mmemficha Mama ili adhani nimemtupa. Wewe na Natalia mlikuwa kazini, mlango akafungua Mama Fortunée. Mama alikuwa mezani anachambua maharage. Akanitazama kwa adabu zake zote, akafuta mikono, akasimama. Akasema, "Karibu mgeni. Umetoka mbali? Utakaa siku ngapi?"

Nilicheka. Nilijua ananitania kwa kuchelewa kwangu. Nikamwambia, "Mama, acha hizo." Akacheka na yeye, lakini ni kile kicheko cha kumchekea mtu usiyemjua ili asione haya. Kisha akageuka akamwita Theodora alete chai. Na Mama Fortunée akaitika.

Nikamfuata jikoni. Alikuwa ameshabandika chai. Akaniambia, "Dada, usikasirike. Mama ananiitaka vile. Mwanzo nilikuwa namuambia mi niko Fortunée, analia. Sasa naitikaka tu, sababu inamufurahisha."

Nilikaa siku tatu. Hukusema na sikuuliza, maana Angel alikuwa katikati yetu muda wote na daftari lake la kuchora. Lakini mimi ni nesi, Wilbroad. Wagonjwa wa aina hiyo nimewalisha kwa kijiko. Unajua tangu lini? Nataka tarehe. Usiniandikie "siku za karibuni."

Na mimi nakulipa ukweli kwa ukweli. Khalfan hakukudanganya. Nyumba ilikwisha Februari. Sikuja kwa sababu nilikuwa nalala. Usiku wa kwanza baada ya feni kuzimwa nililala saa tisa mfululizo, nikaamka nikalia kwa utamu wake. Nikajiambia wiki moja tu. Halafu Pasaka ipite. Nyumba ikiwa kimya nilikuwa nasikia vizuri jinsi nilivyochoka miaka yote hiyo. Saa tano za barabara, na kwa miezi kumi na sita sikuziendesha. Uliponiandikia habari za mgomba nilikushukia wewe, kwa sababu ningejishukia mimi nisingesimama.

Kwa hiyo alinisahau nikiwa nimelala. Hilo ndilo ninaloamka nalo.

Theodora


Haltom City
20 Januari 2019

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Wote wazima. Nimeandika barua hii mara nne.

Tarehe uliyoitaka ni 17 Oktoba 2017, Jumanne. Siku hiyo nilimpeleka kwa daktari kwa sababu alitoka nje alfajiri kwenda kuteka maji, Mama Fortunée akamkuta njia panda akiwa na sufuria. Daktari alimuuliza mwaka, akasema mwaka ambao Baba alijenga. Jumamosi ya wiki ile ile ndipo nilipoandika ubaoni vitu visivyodumu. Sikuwa nawafundisha watoto, nilikuwa natafuta namna ya kukuandikia. Halafu nikakuandikia habari za jino la Angel.

Na mgomba, Dada. Hakuupanda kwangu. Aliniuliza jiko la nje liko upande gani, akasema pale ndipo ulipoangukia ule wa zamani, lazima turudishie kabla baba yenu hajatoka posta. Kwake yeye ilikuwa Kamachumu. Nilipoandika kwamba alikuwa anaimba sikudanganya. Niliacha hayo mengine tu, nikakuacha uumie bure kwa miezi minane. Nisamehe.

Kwa nini nilificha? Nimejitetea sana moyoni kwamba ulikuwa na mafuriko, ulikuwa umechoka. Si kweli, au si kweli yote. Mimi niliondoka nyumbani nikiwa na miaka kumi na mitatu kwenda seminari. Tangu hapo sijawahi kuishi na Mama hata mwezi mmoja mzima. Niliogopa ukijua utamchukua. Nikawa nakwambia ni kwa muda, na kila jioni natoka kazini mbio kuona kama bado yupo.

Wewe hakukusahau kwa sababu ulilala. Daktari anasema yanayotangulia kufutika ni ya karibuni, na miaka yako tisa ndiyo ya karibuni. Jina lako ndilo analoliita akitaka chai, akiogopa, akisikia baridi. Langu halitaji kabisa. Mimi ananiita Padri.

Daktari anakadiria miaka miwili, labda mitatu, ya kutembea na kula mwenyewe.

Wilbroad


Katy
10 Machi 2019

Padri Wilbroad,

Tumsifu Yesu Kristu. Samahani, nimecheka peke yangu, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Krismasi.

Salamu zangu kwa Natalia na Angel. Kwa Mama Fortunée nimefunga khanga mbili kwenye bahasha hii kubwa, mpe mkononi. Mwambie kwamba sikukasirika. Mwambie jina langu amelitumia vizuri kuliko nilivyolitumia mimi.

Tumekoseana sawasawa. Wewe ulimficha Mama na mimi nilijificha, na wote tulitumia maneno yale yale mawili. Nikisoma barua zetu, "kwa muda" inarudi mara kwa mara, na hakuna hata mara moja tuliyoandika muda gani. Sasa tunaujua. Miaka miwili, labda mitatu. Nimeandika kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu ya wino.

Sitamchukua. Nimewaona wagonjwa wakihamishwa, nimewaona wakitafuta choo kwenye kabati kwa wiki nzima. Mama yuko Kamachumu, mgomba wake unaonekana dirishani. Nimlete Katy afanye nini, ajitazame kwenye kabati?

Ninakuja mimi. Nyumba nimeitangaza, na Khalfan anasema ni rangi yake itakayoiuza. Nimepata kazi kwenye nyumba ya wazee, dakika kumi na mbili kutoka kwenu, zamu ya asubuhi. Naanza Jumatatu tarehe 6 Mei. Natalia nimeshaongea naye, kwa simu, maana mimi na yeye hatugombani. Usiku nitaamka mimi, wewe una ofisi. Ukitaka kuamka pia, amka, tutakunywa chai.

Najua atanikaribisha vizuri, hajawahi kumnyima mtu adabu. Ataniambia karibu mgeni, na ataniuliza nitakaa siku ngapi. Nimejaribu majibu mengi nikiwa njiani kwenda kazini, mengine marefu, mengine ya kulia. Nitamwambia, "Mama, mimi ni wa hapa." Na kesho yake akiuliza tena, nitakuwepo kumjibu.

Theodora